Kitalu nyumba Njombe: nianze na joto, hewa au mitaro?

MgeniNjombe: Wakuu habari zenu. Najenga kitalu nyumba cha nyanya, mita 8 kwa 30. Nguzo za mlingoti zimeshakatwa, shimo hata moja bado. Mwaka jana nilijaribu kibanda kidogo: Julai maua yakapukutika, ukiingia asubuhi nailoni inakudondoshea maji shingoni, na kabla sijavuna ugonjwa wa bakajani ukamaliza kila kitu. Sasa fundi anataka niwashe majiko mawili ya mkaa kila usiku. Kiwanja kiko bondeni, udongo wa mfinyanzi, hatua chache kutoka mtoni. Nilikipenda kwa ajili ya maji.

MamaNyanya: Mwanangu, bahati yako hujachimba. Hama bondeni. Hewa ya baridi ni nzito, usiku inateremka mlimani na kulala hapo hapo ulipopapenda. Mimi nilijenga bondeni, nikailaumu mbegu misimu miwili mizima! Pampu ya kuvuta maji utaipata dukani. Ya kutoa baridi sijaiona.

Mkaa sahau kabisa. Unatoa kaboni monoksaidi, gesi ya sumu isiyo na harufu, na anayeingia alfajiri kukagua ni wewe. Tena moto usioungua vizuri hutoa gesi ya ethilini, nayo huangusha maua. Si ndicho unachokikimbia?

Tafuta mapipa ya lita 200, yapake rangi nyeusi, yajaze maji. Pipa moja likipoa nyuzi 10 usiku linarudisha joto la hita ya kilowati 1 kwa saa mbili na ushee. Si jingi kwa kitalu kikubwa, kwa hiyo la maana zaidi ni mapazia ya pembeni mwa kitalu: yashushe saa kumi alasiri jua likiwapo, usingoje magharibi. Saa tatu asubuhi fungua, hata ukitetemeka. Bakajani inapenda jani lililolowa.

FundiVitalu: Mama kamaliza ya joto. Mimi naongeza maji. Paa lako linafunika mita za mraba 240. Mvua ya milimita 20 tu ni lita 4,800, na kwenye mfinyanzi zinarudi ndani kwenye mizizi. Weka mifereji ya paa ipeleke tangini. Chini, chimba mtaro kuzunguka kitalu, ushuke sentimita 1 kila mita, na matuta yainuke. Tundu la juu ya paa lipe upepo mgongo, la sivyo kusi itakung'olea nailoni. Neti ya wadudu yenye matundu madogo inabana hewa, basi pembeni acha nafasi kubwa.

MgeniNjombe: Shikamoo mama. Jana saa kumi na mbili jioni nilisimama mtoni, kisha nikapanda hadi kwenye miparachichi. Tofauti niliisikia masikioni! Nahamia huko. Fundi wangu kanuna, mkaa alikuwa auze yeye. Mapipa yakae upande gani?

MamaNyanya: Marahaba. Juni jua letu liko kaskazini, yapange ukuta huo nyanya zisiyakinge. Na uyafunike, mbu wasizaliane.