Tupeane uzoefu: kumtengenezea rafiki chensoo ya zamani

Mwanzisha uzi, Majengo, Moshi

Wakuu, salaam. Nina karakana ndogo ya pikipiki hapa Majengo. Mezani kwangu sasa hivi iko chensoo (msumeno wa injini) ya baba ubatizo wa mwanangu wa kwanza. Ni Stihl ya Kijerumani, ile kubwa ya cc 106 ambayo wapasua mbao wa mlimani wanaiita 070. Aliirithi kwa mzee wake kule Uru. Siku anaileta aliniambia ni plagi tu, ikibadilishwa inanguruma.

Plagi nilibadilisha, cheche ikaja nzuri. Mashine ikawaka, ikafa. Mpira wa mafuta ndani ya tanki ulikuwa umeoza, unakatika ukiushika kwa vidole. Nikaweka mpya na chujio lake. Ikawaka tena, ikashika, halafu ikaanza kupandisha mizunguko yenyewe sijagusa ekseleta. Nikashusha kabureta, nikakuta dayaframu, zile tando za kusukuma mafuta, zimekakamaa kama ngozi ya ngoma. Nikaweka mpya. Bado inapanda. Hapo nikajua inavuta hewa mahali.

Kwa wasiozijua injini hizi: petroli iliyochanganywa na oili hupita kwanza chini kwenye krenki, ndipo ipande juu ya pistoni. Kwa hiyo kule chini lazima pawe pamezibwa kabisa. Sili za krenki, zile pete za mpira za kuzibia, zikizeeka, hewa ya ziada inaingia na mafuta yanakuwa hafifu. Na oili ya kulainisha pistoni imo humo humo kwenye mafuta, kwa hiyo mafuta yakipungua na kilainishi kimepungua. Mashine inakimbia sana, mwenyewe anafurahi kuwa ina nguvu, kumbe inajiua. Nilipofungua ekzosti na kumulika tochi niliona pistoni ina michirizi upande mzima na ringi imeganda kwenye mfereji wake.

Kufungua silinda nako ni habari nyingine. Fundi aliyepita alizikaza nuti kwa nguvu za ajabu, mbili zimeliwa kona, na stadi moja (bolti isiyo na kichwa) ilikatika. Ilibidi nichomelee nuti juu ya kisiki cha stadi ndipo itoke.

Kazi yenyewe hainisumbui. Kinachoniumiza ni simu za jioni. Mwenzangu ana miti ya migrevilia ya kupasua kwenye kihamba (shamba la nyumbani) cha shangazi yake, kibali cha kukata kimeshatoka na kina muda wake. Kila akipiga nina jambo jipya la kumwambia: jana mpira, leo kabureta, kesho sili. Mteja wa kawaida ningemwandikia gharama zote, akikubali tunaendelea, akikataa anabeba mashine yake. Huyu tumebatiziana watoto. Yeye anaona haya kuniuliza nimetumia shilingi ngapi, na mimi naona haya kumtajia. Naona kabisa kitu kinaanza kuota kati yetu, na mtu huyu nampenda.

Mliowahi kupita hapa naomba mnisimulie. Mashine iliishaje, na mlisemeshana vipi?

Fundi, Unga Limited, Arusha

Chalii yangu, pole. Usinunue pistoni kwanza.

Niliwahi kuletewa chensoo na rafiki yangu wa utotoni, tumesoma wote Ngarenaro. Ilikuwa imeshapita kwa mafundi kabla yangu, na kila mmoja aliweka pistoni mpya. Pistoni inafanya kazi kidogo, inakwaruza, anaenda kwa fundi mwingine. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kwa nini ya kwanza iliungua. Mwenzangu alishaanza kuamini mashine ina mkosi.

Fanya hivi. Kata vipande vya mpira wa tyubu, ziba mdomo wa ekzosti na mdomo wa kabureta, kaza vizuri. Toa plagi, kwenye tundu lake funga kipira cha pampu ya baiskeli chenye geji. Jaza upepo wa nusu ba (kipimo cha presha), usizidishe, maana ukizidisha unaweza kuzing'oa sili zenyewe. Halafu paka maji ya sabuni kwenye krenki pande zote mbili, chini ya silinda, na kwenye shingo ya kabureta. Povu litakuonyesha. Kwa yule rafiki yangu povu lilitoka upande wa flaiwili, mahali ambapo huwezi kuona bila kuivua. Sili moja ya bei ndogo ilikuwa imekula pistoni zote zile.

Silinda usiitupe kabla ya kuisafisha. Mara nyingi ile michirizi ni alumini ya pistoni iliyogandia ukutani, ukuta wenyewe uko salama. Chukua asidi ya haidrokloriki, ile ya kusafishia vigae, paka kidogo kwa pamba kwenye kijiti juu ya alumini tu. Itachemka na kutoa povu. Ikitulia, alumini imekwisha. Vaa glavu na miwani, fanya nje penye upepo, usiguse sehemu ambazo hazina lile tabaka gumu, suuza kwa maji mengi. Kisha pitisha ukucha. Ukucha ukiteleza, silinda inaendelea. Ukikwama, hiyo imekufa, mwambie rafiki ukweli siku hiyo hiyo.

Mpasua mbao, Siha

Mimi si fundi, mimi ni mtumiaji. Napasua paina na mikaratusi huku West Kilimanjaro na nimeshaona urafiki mwingi ukiharibika kwa sababu ya mambo mawili ambayo mafundi wa mjini hawayafikirii.

La kwanza ni mwinuko. Moshi mjini mko kwenye mita 800 na kitu. Huku mashambani tunafika karibu mita 2,000, hewa nyepesi. Kabureta uliyoisawazisha vizuri hapo Majengo ikifika huku mafuta yanazidi: moshi mwingi, plagi nyeusi, haina mvuto. Mwenye mashine anashuka na hasira kwamba rafiki yake amemharibia. Kinyume chake ndiyo mbaya zaidi. Ukiisawazisha huku juu, ukashuka nayo kwenda kukata migunga tambarare ya Kahe, mafuta yanakuwa hafifu na silinda inaungua. Rafiki anayekutengenezea aje na bisibisi mahali unapokatia, akaze na kulegeza skrubu ya H (ya mafuta ya mwendo wa kasi) mti ukiwa umelala hapo. Kama hawezi, akufundishe. Ikilia kwa sauti kali nyembamba bila mzigo, legeza kidogo mpaka iwe na mkwaruzo kwenye sauti, na mkwaruzo huo upotee unapoizamisha kwenye mti.

La pili ni cheni. Jamaa yangu alimlalamikia fundi, ambaye ni shemeji yake, kwamba injini imekuwa dhaifu tangu itengenezwe. Nilipofika nikaangalia vumbi la mbao: ungaunga, si vipande. Cheni ilikuwa butu, na meno ya upande mmoja yalikuwa mafupi kuliko ya upande wa pili, ndiyo maana ilikuwa inakata ikipinda. Alikuwa anainoa kwa tupa yoyote anayoikuta. Cheni ya 3/8 (saizi ya viungo vyake kwa inchi) inataka tupa ya milimita 5.2, ya .404 inataka ya 5.5. Kukata mti kwa kuupinga, pembe ya kunoa ni nyuzi 30; kupasua mbao kwa urefu, sisi tunashuka mpaka 10. Na vile vidole vilivyo mbele ya kila jino navyo vinashushwa kidogo kidogo, la sivyo jino haligusi mti hata likiwa kali namna gani.

Kaka wa Majengo, nikuongezee hili kwa moyo wangu wote: hizo za zamani nyingi hazina breki ya cheni. Ncha ya baa (ule upanga unaobeba cheni) ikigusa tawi inakurudia usoni. Kabla hujamkabidhi mwenzako, hakikisha kile kishika cheni cha chini kipo na ekseleta inarudi yenyewe ukiiachia. Mguu wa mtu hauna spea.

Mama wawili, Machame

Naomba na mimi niseme kutoka upande wa mwenye mashine.

Marehemu mume wangu aliniachia chensoo, nikawa naikodisha kwa vijana wa hapa kijijini, inanisaidia ada. Ikasumbua. Rafiki yake mkubwa, mtu aliyekaa kwenye msiba wetu mpaka wageni wote wakaondoka, akasema shemeji usihangaike, nitaitengeneza bure. Nikashukuru sana. Akaichukua.

Ilikaa. Kila nikiuliza, spea inakuja kutoka Nairobi. Mwisho nikaenda mwenyewe. Nikakuta iko ndani ya ndoo, imefunguliwa yote, bolti zimechanganyika na za mashine nyingine. Kabureta ya asili haipo, imewekwa nyingine ya kuigiza, nyepesi hata kwa mkono unajua. Hakuiba, na sitaki mtu afikiri hivyo. Aliichukua akaifunga kwenye kazi ya haraka ya mtu mwingine, akiamini atarudisha, na hakurudisha.

Nilishindwa kumdai kwa sababu kazi ilikuwa ya bure. Ningekuwa nimemlipa hata kidogo, ningekuwa na mdomo wa kusema. Kaka, mtajie rafiki yako bei. Kumtajia ni kumpa heshima ya kukuuliza. Na kila kifaa cha zamani unachokitoa, mtilie kwenye mfuko umrudishie pamoja na mashine, hata kama ni takataka. Mimi ningepewa kabureta yangu ya zamani mkononi ningelala usingizi.

Mchangiaji, Marangu

Pole sana dada. Umesema kitu kikubwa.

Yangu ni fupi. Mwalimu mwenzangu alikuwa na chensoo inayowaka vizuri uani, akifika shambani inakata kwa dakika chache inazima. Akipumzika kidogo inawaka tena, inakata, inazima. Koili ilishabadilishwa, kabureta ilishabadilishwa. Nilikaa naye shambani nikaomba ikizima asiivute kamba kwanza. Ilipozima nikalegeza kifuniko cha tanki, nikasikia hewa inaingia kwa nguvu. Nikakaza, tukavuta, ikawaka papo hapo. Tundu la kupumulia tanki lilikuwa limezibwa na ungaunga wa mbao na oili. Mafuta yakipungua na hewa haiingii, kabureta haiwezi kuyavuta tena. Tulisafisha kwa waya mwembamba na petroli. Wenye mashine zinazozima zikipata moto, jaribuni hilo kabla ya kununua chochote.

Mchangiaji, Rombo

Kuhusu oili. Ukimaliza kumtengenezea, mpe na chupa yenye alama. Huku kwetu watu wanapima kwa kisoda na kwa macho. Oili nzuri ya 2T ya moja kwa hamsini ni mililita 20 kwa lita ya petroli. Kama chupa ya oili imeandikwa moja kwa ishirini na tano, ni mililita 40. Na oili chafu ya gari kwenye tanki la kulainisha cheni imeua pampu nyingi, ina chembe za chuma ndani yake. Jirani yangu ameshabadilisha baa ambayo tundu lake la oili lilikuwa limeziba tope tupu.

Mchangiaji, Tengeru

Kwa atakayefungua klachi ili aifikie sili: nyingi zina nyuzi za kushoto, unafungua kwa kuzungusha kuelekea mshale wa saa unakoenda. Na usizuie pistoni kwa bisibisi, utaitoboa. Ingiza kamba laini kupitia tundu la plagi, pistoni ikipanda itaibana na kusimama bila kuumia. Niliona krenki nzuri imekatwa na mtu aliyelazimisha upande usio wake.

Mwanzisha uzi, Majengo, Moshi

Wakuu, narudi na mrejesho. Asanteni, na dada wa Machame asante kwa namna ya pekee.

Nilichukua karatasi nikaandika kila kitu: mpira, chujio, dayaframu, sili mbili, pistoni na ringi zake, gasketi, stadi. Upande mmoja nilivyoshanunua, upande wa pili vinavyohitajika, na ufundi nikauandikia bei yake kamili, chini yake nikaandika nusu ni zawadi yangu kwa mtoto wetu. Nikampelekea nyumbani, sikutaka kumtajia kwa simu. Aliisoma yote mpaka mwisho. Akasema alikuwa anajua nimeingia gharama ila hakujua aanzie wapi. Akanilipa vya upande wa kwanza pale pale, na migrevilia ya shangazi akaamua kumkodi mtu mwenye mashine nzima kabla kibali hakijaisha, ili mimi nisifanye kazi kwa kukimbizwa.

Pampu ya baiskeli imenionyesha povu sili zote mbili, na kidogo chini ya silinda. Asidi imefanya kazi, ukucha unateleza ukutani vizuri. Sili mpya nimezipata hapa Moshi, nimezifunga, upepo sasa unakaa haushuki. Pistoni nimeagiza kwa mtu anayekwenda Nairobi. Vya zamani vyote viko kwenye mfuko wenye jina lake.

Kilichobaki ni baa. Hii iliyopo imepanuka mfereji, cheni inacheza kushoto na kulia, siwezi kumkabidhi hivyo. Natafuta ya inchi 25 inayokaa 070, cheni ya .404, nzima, si iliyonyooshwa kwa nyundo. Mwenye nayo Moshi, Arusha au Himo aseme bei hapa hapa, nitaifuata mwenyewe.