Tupeane uzoefu: kazi za mifugo kuanzia Nakuru hadi Kisumu

Mleta uzi (Nakuru mjini)
Kijana akipenda wanyama anaambiwa "kawe daktari wa ng'ombe", mazungumzo yakaishia hapo. Wenye kujua, semeni kazi zenyewe zikoje. Naanza na karatasi: digrii ya udaktari wa mifugo ni miaka 5, Egerton pale Njoro au Chuo Kikuu cha Nairobi, Kabete. Cheti cha afya ya mifugo unapata AHITI (vyuo vya mafunzo ya afya ya mifugo) za Kabete, Nyahururu na Ndomba. Ngazi zote mbili lazima usajiliwe na KVB (bodi ya madaktari wa mifugo Kenya), na ngazi hiyo ndiyo inayoamua unachoruhusiwa kumfanyia mnyama.

Mpandishaji, Njoro
Kijijini, ugali uko kwa AI, yaani kupandisha ng'ombe bila dume, kwa mbegu zilizogandishwa. Ila wengi huharibu mbegu kabla hata ya kumgusa ng'ombe. Unapotoa mrija wenye mbegu, kikapu kisipite shingo ya mtungi wa naitrojeni (kimiminika baridi sana kinachozihifadhi), na usizubae. Yeyusha kwa maji ya nyuzi 35 hadi 37, sekunde 30 hadi 40, kwa kipimajoto, si kwa kidole! Pangusa mrija ukauke kabisa, maana tone la maji likiingia linaua mbegu. Uipashe bunduki (kifaa cha kuingizia mbegu) joto kabla ya kuingiza mrija. Mbegu imwagwe pale tu mlango wa kizazi unapoishia. Ukisukuma zaidi unaingia pembe moja na unaweza kuchubua.

Saa nayo: ng'ombe akisimama kupandwa na wenzake asubuhi, mhudumie jioni; akisimama jioni, mhudumie kesho asubuhi. Mpapase kwanza, kwa sababu kuna wenye mimba wanaoonyesha joto (dalili za kutaka dume), na bunduki ikipita hapo mimba inatoka. Andika tarehe, mwambie mwenye ng'ombe aangalie kama joto linarudi kuanzia siku ya 18 hadi ya 24.

Naitrojeni ipime kwa kijiti cha mbao kila wiki. Bomba lenye tundu litakurushia usoni.

Agroveti, Luanda
Duka si kuuza dawa ya minyoo tu. Linataka leseni na mtu aliyesajiliwa nyuma ya kaunta. Faida huliwa na friji: chanjo nyingi zinataka nyuzi 2 hadi 8, na stima ikipotea usiku kucha huna bidhaa tena. Chanjo ya kideri kwenye maji ya kunywa inakufa kwa klorini ya mfereji. Shauri maji ya mvua, na yaishe ndani ya saa 2. Kichupa kina dozi 100 na mama ana kuku 12, basi panga majirani wachange. Ukiuza antibiotiki, msomee mteja siku za kutouza maziwa kama zilivyo kwenye lebo. Hilo wengi wanaruka.

Mkaguzi wa nyama, Kisumu
Mafunzo ni Athi River. Kazi huanza alfajiri, na ng'ombe hukaguliwa akiwa hai kwanza. Akishachinjwa, tezi za kichwa na mapafu zinapasuliwa kutafuta kifua kikuu, na ini linakatwa kutafuta minyoo bapa. Ini likitupwa, jiandae kwa kelele za mchinjaji. Nafasi ni chache, hutangazwa na kaunti.

Mleta uzi
Na wanyamapori, Ziwa Nakuru?

Mpandishaji, Njoro
Madaktari wa KWS (shirika la wanyamapori Kenya) ni wachache sana, usiweke mayai yote huko. Mbwa ndiyo soko linalokua mjini. Anayetaka njia hiyo apate kwanza chanjo yake mwenyewe ya kichaa cha mbwa, siku ya 0 na ya 7, kabla hajashika kamba ya mteja.