Nimechoka kuambiwa fantasia ni majoka tu. Siasa ndizo zilizotushika!

Wakuu, heshima kwenu. Uzi ni mrefu, nina hasira, na ndani yake nafichua kila kitu. Ambaye hajamaliza tamthilia ya televisheni ya Game of Thrones aishie hapa.

Kila tukifungua mjadala wa fantasia lazima atokee mtu aseme, "Mnalalamika nini, si majoka yapo, si vita ipo?" Juzi nimeambiwa tena, safari hii na mtu ninayemheshimu, kwamba msimu wa nane, ule wa mwisho, hauna tatizo, ila sisi tulizoea maneno mengi ya vikaoni. Maneno ya vikaoni! Ndugu zangu, vikao vile ndivyo vilivyotukesha. Joka hata katuni za watoto wanalo.

Chukueni daraja la Walder Frey. Msimu wa kwanza, sehemu ya tisa. Robb Stark ni kijana wa mtawala wa Kaskazini. Baba yake amefungwa kusini, Robb ana jeshi, mbele yake kuna mto, na daraja ni la mzee Walder ambaye hana haraka na mtu. Catelyn, mama yake Robb, anaingia kuzungumza naye, anatoka na masharti: Robb atamuoa binti mmojawapo wa mzee, na mdogo wake Arya ataolewa na kijana wa mzee. Robb anakubali kwa sababu hana pengine pa kupita. Basi. Hakuna uchawi hapo, kuna mto na mtu mwenye daraja.

Msimu wa pili Robb anampenda mwanamke mwingine, Talisa, na kumuoa. Nilifurahi, sioni aibu kusema. Msimu wa tatu Rickard Karstark, mmoja wa wakuu wa jeshi la Robb, mwenye uchungu wa wanawe waliouawa, anawaua mateka wawili ambao ni watoto tu. Robb anamkata kichwa. Ni haki kabisa, na haki hiyo inamgharimu askari wote wa Karstark, wanafunga virago na kuondoka. Sasa jeshi limepwaya, na mwenye watu wa kuziba pengo ni nani? Mzee yule yule wa daraja, aliyeahidiwa mkwe akapewa aibu.

Ile harusi nyumbani kwa mzee Walder, walipouawa Robb na mama yake, ilirushwa tarehe 2 Juni 2013, na mpaka leo ninakumbuka jinsi milango ya ukumbi ilivyofungwa. Wanamuziki wanabadilisha wimbo. Catelyn anamtazama Roose Bolton, kamanda wa Robb mwenyewe, aliyeketi kando yake, anamvuta mkono wa nguo, na chini ya kitambaa anaona deraya, vazi la chuma la vitani. Mtu kaja harusini kavaa deraya! Kabla ya tone la kwanza la damu ulishajua kila kitu, na moyo ukakufa. Tywin Lannister, adui mkuu wa Robb na aliyefaidika kuliko wote, hakuwa hata ukumbini. Alimaliza vita ile kwa barua.

Hicho ndicho ninachokipigania. Kila mtu pale ana sababu yake ambayo ukiwa mahali pake ungeielewa. Robb alikosea kwa wema wake. Karstark alikuwa mzazi aliyefiwa. Frey alidharauliwa mbele ya watu wake, Bolton alipiga hesabu akaona meli inazama. Ahadi iliyotolewa msimu wa kwanza ilidaiwa msimu wa tatu, na aliyeidai hakusamehe hata senti.

Na msiniambie hayo ni chumvi ya mwandishi. George R. R. Martin, mwandishi wa vitabu vyenyewe, amesema wazi kwamba alichota kwenye Vita vya Mawaridi vya Uingereza, vya koo mbili kugombea kiti cha ufalme, na kwamba harusi ile ameitoa kwenye mikasa miwili ya Scotland: karamu ya mwaka 1440 iliyowamaliza vijana wa ukoo wa Douglas, na mauaji ya Glencoe ya 1692, ambapo askari waliwaua wenyeji waliowapa malazi. Someni habari za Edward IV, mfalme wa Uingereza wakati wa vita hivyo. Mwaka 1464 alimuoa Elizabeth Woodville kwa siri wakati Warwick, mtu aliyemsaidia kukaa kwenye kiti, anahangaika kumtafutia mke Ufaransa. Warwick akaumbuka, baadaye akageuka, na mwaka 1470 Edward akaikimbia nchi yake. Ndoa moja tu hiyo!

Sisi wenyewe tunaye Fumo Liyongo. Shujaa asiyeingiwa na chuma, lakini mtawala wa Pate hakumtumia jeshi wala jini. Alimwendea mtoto wake wa kumzaa, akamwahidi binti na cheo, kijana akamchoma baba yake kitovuni kwa sindano ya shaba. Liyongo akafia karibu na kisima akiwa amepiga goti, upinde mkononi, na watu wakashindwa kuteka maji kwa kumwogopa maiti. Nionyesheni joka lenye kutisha kama watu wenye kiu wanaokiogopa kisima chao.

Sasa tuje kwenye uharibifu. Misimu sita ya mwanzo ilikuwa na sehemu kumi kumi. Wa saba zikawa saba, wa nane zikawa sita. Uchache wenyewe si kosa, kosa ni kilichokatwa ili kupata nafasi ya moto. Kilichokatwa ni madeni!

Mwisho wa msimu wa sita Cersei, binti wa Tywin na mama wa mfalme, analilipua hekalu kuu la dini katikati ya mji mkuu, King's Landing. Kafa kiongozi wa dini, kafa malkia, mke wa mwanawe, kafa baba mdogo wake mwenyewe. Mji huu huu msimu wa pili ulimpiga mfalme Joffrey kwa kinyesi kwa sababu ya njaa, na watu wakamrarua kiongozi wa dini wa wakati ule mikono mitupu. Safari hii? Kimya. Cersei anavikwa taji na wananchi hatuwasikii tena. Wale waumini waliojaa mitaani walikwenda wapi?

Halafu kile kikao cha mwisho. Tyrion, ndugu wa Cersei, yuko kwenye minyororo, mfungwa, anatoa hotuba, na dakika chache baadaye wakubwa wa nchi nzima wamekubali Bran, mdogo wake Robb, awe mfalme. Dada yake, Sansa, anasema Kaskazini itajitawala, anaitikiwa kwa kichwa, imekwisha. Pale pale amekaa Yara Greyjoy, mkuu wa Visiwa vya Chuma, ambaye msimu wa sita alijadiliana na Daenerys, malkia mwenye majoka, mpaka akaahidiwa uhuru wa visiwa vyake. Hasemi neno juu ya uhuru huo! Na mtawala wa Dorne, jimbo la kusini kabisa, ambaye hata jina hakupewa, naye kimya. Aliyeandika hapo aliwasahau watu aliowaumba.

Mimi sipingi Daenerys kuuchoma mji mkuu kwa joka lake. Mbegu zilikuwepo tangu mji wa Meereen, alipowasulubu mabwana 163 wa watumwa kulipizia watoto 163 waliosulubiwa. Ila kumbukeni kilichofuata kule. Akiwa kwenye kiti chake, anaingia Hizdahr zo Loraq, kijana wa mmoja wa wale mabwana. Anasimulia kwamba baba yake alipinga kusulubiwa kwa wale watoto, naye akasulubiwa vilevile. Anaomba kitu kimoja, ruhusa ya kumshusha na kumzika. Daenerys anabaki na uso wa mtu aliyegundua kwamba haki yake imeua asiyestahili. Dakika chache, watu wanaongea tu, na tangu siku ile sikumwangalia tena kwa macho yale yale.

King's Landing imeungua mji mzima. Ukimwacha Tyrion anayefukua matofali kuwatafuta ndugu zake, ni nani aliyeletwa mbele yetu kuomba maiti ya baba yake? Wakubwa wanaketi juani kuchagua mfalme, mmoja wao, Samwell, anapendekeza watu wote wapewe nafasi ya kuchagua, na wanamcheka.