Mbwa wanakufa Dar kwa sindano ya zailazini (dawa ya kulegeza wanyama), halafu mnatuambia "moyo wake ulikuwa dhaifu"

Wakuu, habari za muda huu.

Huu mchezo umetuchosha. Kuanzia Tegeta hadi Mbagala mambo ni yale yale. Mtu anapigiwa simu aje kuhasi mbwa, anafika na bodaboda, kwenye begi ana kichupa kimoja cha zailazini, wembe na uzi wa kushonea. Uzito anaukadiria kwa macho. Anachoma sindano ya paja, mbwa akilegea anaanza kukata. Akishalipwa anaondoka, na mbwa bado hajainua hata kichwa. Jioni mwenye mbwa akipiga simu ndiyo anaambiwa habari za moyo dhaifu.

Moyo umedhoofishwa na dawa! Zailazini inapunguza mapigo ya moyo, presha inapanda kidogo kisha inashuka, na pumzi zinakuwa chache. Tena inatapisha, paka ndiyo zaidi. Mbwa aliyekula ugali na dagaa asubuhi atatapika akiwa hajitambui, matapishi yaingie kwenye mapafu. Mbwa mkubwa mwenye afya anatakiwa akae bila chakula kwa muda wa saa 6 hadi 12. Vitoto muda mfupi zaidi, maana sukari yao inashuka haraka.

Na zailazini peke yake SI nusu kaputi. Mbwa anaonekana amelala, ukigusa kamba ya korodani anazinduka na kung'ata. Kwa upasuaji mfupi kipimo kilichozoeleka ni zailazini miligramu 1 kwa kila kilo, pamoja na ketamini (dawa ya usingizi) miligramu 10 kwa kila kilo, kwenye msuli. Ketamini nayo usimpe mbwa peke yake: misuli inakakamaa na anaweza kupata degedege. Macho yanabaki wazi bila kupepesa, kwa hiyo yapakwe mafuta ya macho, la sivyo kioo cha jicho kinakauka na kupata kidonda. Wanaokata kwa asepromazini (dawa ya kutuliza) peke yake ndiyo wabaya kabisa, kwa sababu ile dawa haiondoi maumivu hata chembe. Mnyama katulia, lakini kisu anakisikia chote.

Sasa njoo kwenye kichupa. Zailazini ipo ya asilimia 2, yaani miligramu 20 kwa mililita, na ipo ya asilimia 10 ya farasi, miligramu 100 kwa mililita. Mbwa wa kilo 20 anahitaji miligramu 20. Kwa kichupa cha kwanza hiyo ni mililita 1, kwa cha pili ni mililita 0.2. Mtu amezoea "mbwa mkubwa, sisi moja" (yaani mililita 1), siku dukani wakimpa kile cha asilimia 10 anampiga mbwa dozi mara tano bila kujua. Lebo hasomi!

Mzani wa bafuni unatosha jamani. Mwenye mbwa apande amembeba, kisha apande peke yake, utoe tofauti.

Mnaofanya kazi hii, wekeni kanyula (kijibomba cha kupitishia dawa) kwenye mshipa wa mguu wa mbele kabla ya kukata. Kila dakika 5 hesabuni pumzi na mapigo, mtazame fizi. Bonyeza fizi kwa kidole: rangi irudi ndani ya sekunde 2. Ikiwa nyeupe au ya bluu, acha kukata, ushughulikie pumzi. Beba yohimbini au atipamezoli, dawa za kuondoa nguvu ya zailazini, lakini kumbuka haziondoi nguvu ya ketamini. Ukiwahi mno kuzichoma, zailazini inaondoka, ketamini inabaki, na mbwa anaamka amekakamaa na kutetemeka.

Halafu mnamlaza kwenye pevingi juani! Mnyama aliye chini ya dawa hizi hawezi kurekebisha joto la mwili wake. Alazwe kivulini, ubavu, ulimi nje, na maji asipewe hadi asimame na kumeza vizuri.

Wenye mbwa, mwulizeni mtu namba yake ya usajili kabla hajafungua begi. Baraza la Veterinari lipo, na Sheria ya Veterinari ya 2003 ipo.

NYONGEZA: kuna aliyeuliza kama mbuzi wake wa kilo 20 anaweza kupigwa "ile ile ya mbwa". Hapana, utamuua! Wanaocheua wanalewa zailazini kwa dozi ndogo mno. Mbuzi ni miligramu 0.05 kwa kilo, kwa huyo ni miligramu 1 tu, sehemu moja ya ishirini ya dozi ya mbwa. Mwenye mimba kubwa asipewe, inabana kizazi. Kama ni kukata pembe za kitoto, tumia ganzi ya lidokaini, usizidishe miligramu 5 kwa kilo: kitoto cha kilo 4 ni mililita 1 tu ya asilimia 2, kwa pembe zote mbili, na uizimue kwa maji ya sindano ili itoshe. Mbuzi akilala, mkalishe kifudifudi tumbo lisijae gesi, shingo iinuliwe na mdomo uelekee chini, mate yatoke nje.