Waundaji wa modi, acheni kumpandishia kila mtawala kikomo cha makabaila

Katika Crusader Kings III, mchezo wa kompyuta wa kuongoza dola za zama za kati, mtawala akiwa na makabaila (watawala wadogo wanaomtii moja kwa moja) wengi kupita kikomo chake, kodi na askari wanaomletea hupungua. Mabaroni, wa ngazi ya chini kabisa, hawahesabiwi, wanaohesabiwa ni wenye kaunti na walio juu yao. Ndiyo maana mwenye dola pana hulazimika kuteua maduki, walio ngazi moja juu ya wenye kaunti, na kuwaweka wenye kaunti hao chini yao, akijua fika kwamba duki aliyeneemeshwa hivyo anaweza kumwasi mrithi mchanga mara tu atakapotawazwa. Utamu wa mchezo umo humo.

Nimechoshwa na modi, yaani nyongeza zinazoundwa na wachezaji ili kubadili mchezo, zinazolivuruga jambo hili bila kusema ukweli. Ile niliyoipakua mimi ilieleza tu kwamba inaongeza kikomo. Haikutaja popote kwamba watawala wanaoendeshwa na kompyuta nao wanapewa nyongeza hiyo hiyo. Nilipofungua ukurasa wa mfalme mkuu wa dola jirani, nilikuta orodha ndefu ya wenye kaunti wanaomtii moja kwa moja, bila duki hata mmoja kati yao, na hakuna adhabu yoyote iliyoonyeshwa. Dola ya namna hiyo utaimegaje, ikiwa ndani yake hamna mtu mwenye nguvu ya kutosha kuasi?

Baya zaidi, mwundaji alinakili faili zima la mchezo ili abadili namba chache tu. Toleo jipya lilipotoka, faili lake la zamani liliendelea kulifunika lile jipya, na marekebisho yote yaliyokuwemo yakapotea kimyakimya. Huo ni uzembe, na sioni sababu ya kuuita kwa jina jingine.

Simpingi anayetaka kikomo kikubwa. Mwaka 1086, huko Salisbury, William Mshindi, mfalme wa Uingereza, aliwaapisha hata wenye ardhi waliokuwa chini ya mabwana wengine, kwa hiyo mfalme kuwafikia watu wa chini moja kwa moja si jambo geni katika historia. Lakini nyongeza hiyo ipatikane kwa sheria ya dola au kwa gharama fulani, na kama ni ya mchezaji peke yake, sharti la is_ai = no (yaani mtawala asiwe anaendeshwa na kompyuta) katika faili la modi linatosha kabisa kuwazuia wengine. Anayeshindwa kuandika mstari huo mmoja, basi aeleze wazi kwenye maelezo ya modi yake kwamba watawala wote watanufaika, tujue kabla ya kuipakua.