Motohomu yenye slaidi au isiyo nayo? Naombeni ushauri kabla hatujatoa hela

MamaWatatu (Ohio)
Habari zenu wakuu, na shikamooni wakubwa. Mimi na mume wangu tumejichanga miaka mitatu tununue motohomu, yaani gari lenye nyumba ndani yake, iliyotumika, ile klasi C yenye kitanda juu ya dereva. Tumebakiza mbili, bei karibu sawa. Ya kwanza ina futi 31 na slaidi mbili: ukibonyeza swichi, ukuta wa sebuleni unatoka nje na kochi lake, wa chumbani vilevile. Ya pili futi 28, haina slaidi hata moja. Baba watoto keshaipenda ya kwanza. Ilipofunguliwa akajinyoosha pale katikati kama yuko ukumbini. Mimi roho inasita. Kitu cha kutoka na kuingia kila siku kitaacha kuvuja kweli? Watoto ni watatu, na mwezi wa saba mama mkwe anakuja kutoka Moshi, tunataka kumpeleka hifadhi ya Great Smoky Mountains. Wenye uzoefu nisaidieni, ila msinitukanie mume.

DerevaWaMasafa
Dada, kabla ya kuvuja kuna hili. Mwambieni muuzaji azifunge slaidi zote, halafu ingieni ndani nyote watano. Fungua friji. Nenda chooni, kaa, funga mlango. Barabarani zinakuwa zimefungwa, na mkilala kwenye maegesho ya duka kubwa au kituo cha malori hamzifungui, mtaziba njia za watu. Nimekutana na familia imekula mkate mkavu siku nzima kisa kochi limeegemea mlango wa friji.

Kibo78
Sisi tunayo yenye moja, mwaka wa nne huu. Nafasi ipo kweli, siku ya mvua watoto wakiwa ndani zile futi mbili za ziada ni neema. Ila ina kazi. Kila nikitaka kuifunga napanda ngazi nafagia majani juu yake, la sivyo yanaingia na maji yake na kukaa kwenye raba inayoziba kingo zake. Mwaka jana tulikuwa na haraka, mvua imepiga usiku kucha, nikafunga hivyo hivyo. Wiki mbili baadaye ndani kunanuka kama gunia la dagaa lililonyeshewa. Nikafunua zulia pembeni: mbao zimevimba, kidole kinazama. Bili ya fundi siitaji, nisije nikalia tena. Mkienda kukagua vueni viatu, mkanyage pembe za slaidi kwa kisigino. Pakibonyea, muageni muuzaji.

FundiSpana
Kazi yangu ni kutengeneza haya magari. Slaidi si za aina moja. Za haidroliki zinasukuma mzigo mzito, ubaya wake mabomba kuvuja mafuta. Za mota na reki ya meno, yaani chuma chenye meno kinachosukumwa na gia, hazisumbui sana fundi. Kuna zile nyepesi zenye mota mbili, moja kila upande. Mota moja ikimtangulia mwenzake, slaidi inatoka mshazari na kukwama. Wengi wanaokuja wakilia mota imekufa, nakuta betri ndiyo imechoka. Muuzaji akuonyeshe namna ya kuirudisha kwa mkono umeme ukigoma. Asipojua, usisaini.

Halafu uzito. Kila slaidi inaongeza mamia ya paundi. Klasi C nyingi kubwa zimejengwa juu ya chasisi ya Ford E-450, kikomo cha uzito paundi 14,500 pamoja na gari lenyewe na kila kilichomo. Soma kibandiko karibu na mlango kinachotaja uzito wa watu na mizigo, kisha piga hesabu: watu sita, maji, vyakula, na masanduku ya mama mkwe.

Mtoro_Bremen
Huku Ujerumani slaidi ni nadra. Leseni B ya kawaida inaishia tani 3.5, slaidi itaumaliza uzito wote. Tunabanana tu, na ndoa zipo.

Kibo78
Bremen, una mama mkwe humo ndani?

Mtoro_Bremen
Sina. Nimeelewa.

BintiTanga
Kambi za ndani ya hifadhi ya Smoky, kama Cades Cove, hazina umeme wa kuchomeka wala bomba la maji pale unapoegesha, hivyo slaidi itategemea betri zenu. Kabla ya kulipia angalieni urefu wa nafasi, na miti! Sisi kambi moja slaidi ilitoka inchi kumi ikagota kwenye mti. Saa nne usiku, mume na tochi ananiongoza nirudi nyuma, majirani wote madirishani.

MamaWatatu (Ohio)
Wakuu nimerudi, asanteni sana. Jioni hii tumeenda. Slaidi zikafungwa. Friji inafunguka upana wa kiganja. Chooni baba watoto amepita ubavu huku amebana pumzi. Nikamuuliza, na mama atapitaje? Akaangalia chini. Kisha kisigino: pembe ya slaidi ya chumbani inabonyea. Muuzaji anasema ni zulia tu, lakini kulifunua hataki. Tukamuaga. Jumamosi tunakagua ya futi 28, na nimeombwa nisitamke neno slaidi mpaka siku hiyo. FundiSpana, hiyo isiyo nayo niishike wapi?

FundiSpana
Panda kitanda cha juu ya dereva, papasa kona zote za mbele. Klasi C maji hupenda kuanzia hapo.