Tulipokuwa tukiisubiri tochi ya FW3A, kabla haijaanza kuuzwa mwaka 2019: je, anayeandika programu za ofisini anaweza kuibadilisha programu ya tochi?

Msubiri Tochi:
Ndugu wanajamvi, naamini wengi wetu tunaisubiri FW3A kwa hamu, tochi ambayo wapenzi wa tochi wa BLF (jukwaa la mtandaoni la BudgetLightForum) wameisanifu wenyewe kisha wakaikabidhi kampuni ya Lumintop iiunde. Wakati ninangoja, nimeanza kuusoma msimbo wa Anduril, programu itakayoiendesha, ambayo mwanajukwaa wa BLF aitwaye ToyKeeper ameiandika kwa lugha ya C na kuiachia watu wote chini ya leseni ya GPL, inayomruhusu yeyote kuusoma na kuubadilisha msimbo. Kazi yangu ya kila siku ni programu za mishahara, ambako kumbukumbu ikipungua tunaongeza seva. Je, mtu wa aina yangu anaweza kuubadilisha msimbo huu bila kuiharibu tochi, na ni kipi kitakachomsumbua kwanza?

Fundi Saketi:
Unaweza, ndugu yangu, ila utasumbuliwa kwanza na ufinyu wa nafasi. Chipu ya ATtiny85, yaani kompyuta ndogo inayoiendesha tochi hii, ina kilobaiti 8 za kuhifadhi programu, na baiti 512 tu za kumbukumbu ya kufanyia kazi. Tazama jinsi mwanga unavyopanda unapoishikilia swichi: ngazi ni 150, na kila ngazi ina namba tatu, kwa kuwa umeme unapita njia tatu, yaani chipu moja ya 7135 (kidhibiti cha umeme) inayopitisha miliampea 350, chipu saba za aina hiyo hiyo, na FET, aina ya transista, inayoachia nguvu yote ambayo betri inaweza kutoa. Hizo ni baiti 450. Ukiziweka kwenye kumbukumbu ya kazi, kama ulivyozoea, mambo mengine yote yatagawana 62 zilizobaki. Ndiyo maana majedwali ya namba hizo yanakaa pamoja na programu na kusomwa huko huko. Mimi naiona kazi hii kuwa nzuri mno, kwa sababu hakuna baiti inayokaa bure.

Mwandishi Programu wa Tanga:
Naomba niongeze suala la joto. Programu ya mishahara ikikosea, hesabu hurekebishwa mwezi unaofuata, lakini hapa mkono wa mtu unaweza kuungua, kwani anayeizuia FET isizidishe ni programu yenyewe. Kipimajoto kimo ndani ya chipu na usomaji wake hauaminiki mpaka usahihishwe: unabonyeza swichi mara nyingi kadiri ya nyuzi za joto zilizopo, kwa hiyo chumba kikiwa na nyuzi 31, nawe unabonyeza mara 31. Sehemu hiyo usiiguse, wala ile inayopunguza mwanga betri ya lithiamu inapokaribia kwisha, mpaka uwe umeielewa mstari kwa mstari.

Msubiri Tochi:
Nashukuru sana. Basi nitaanza na kipimo cha betri, ambapo ukibonyeza mara tatu tochi hukuonyesha volti kwa kumweka: mara tatu, kimya kidogo, kisha mara tisa, maana yake 3.9. Ningependa kimya hicho kirefushwe ili mzee wangu aweze kuhesabu bila haraka. Nahitaji vifaa gani?

Fundi Saketi:
Hilo ni badiliko dogo na salama. Tafuta kichomeo cha USBasp, yaani kifaa cha kuingiza programu kwenye chipu, na kibanio cha chipu ya miguu 8, na kwenye kompyuta uweke avr-gcc ya kuugeuza msimbo uwe programu, na avrdude ya kuiandika kwenye chipu. Toa betri kabla hujabana chipu, na uihifadhi nakala ya programu ya awali kabla ya kuandika ya kwako.